Klori haiondoi fluori: maneno yetu juu ya maji ya Goma

Tunaweka hapa maneno tuliyosema tarehe 22 Machi, siku ya maji duniani, mbele ya vijana waliotoka Ndosho, Katoyi, Mugunga na Majengo. Wengi wametuomba tuyaandike juu hawakufika, mvua ilikuwa kali. Tumepunguza salamu tu, mengine tumeacha vile ilisemwa.

Bandugu na badada, asanteni kwa kufika. Tunaona kuna wenye wametoka ku foleni ya maji na wamekuja moja kwa moja, bidoni mkononi. Muziweke huko nyuma, hakuna atakayeziiba. Hata mwizi wa Goma leo anaiba telefone, bidoni tupu haitaki.

Tuanze na kitu kidogo. Kila mtu amwangalie jirani yake na acheke, tunataka kuona meno. Sawa. Sasa wangapi kati yetu wako na madoa ya kahawia kwa meno ya mbele, ama mistari myeupe kama chaki? Inueni mikono, hapa hakuna haya. Muangalie mikono ilivyo mingi. Yetu pia iko juu.

Tulikulia na hiyo. Ku shule mwalimu alikuwa anasema mbele ya darasa lote: "Wewe, haupigake mswaki?" Nyumbani mama anakusugua na chumvi, na majivu, na makala ya kusaga, mpaka fizi inatoka damu, na doa inabaki palepale. Mmoja wetu, ambaye leo ako na lisansi yake ndani ya bahasha, alienda kuomba kazi ya kupokea wageni ku hoteli moja ya mji huu. Walimwambia bila kuzunguka: kazi hii inaomba mtu mwenye kucheka muzuri. Tangu siku ile, kwa picha zetu zote, hata zile munaona ku ukurasa wetu, anafunga mdomo.

Madoa haya haikuwa uchafu wetu. Haikuwa uvivu wa mama zetu. Ni maji tuliyokunywa tukiwa wadogo, na ile dawa yote tunatia ndani ya maji leo haigusi kabisa kitu kilichotuletea madoa. Njo jambo tumewaitia hapa.

Kitu chenyewe kinaitwa fluori. Munaijua kutoka ku dawa ya meno, imeandikwa ku boite. Kidogo yake inasaidia jino, njo maana wanaitia humo. Ikizidi inaharibu, zaidi kwa mtoto ambaye meno yake ya ukubwa bado inajengeka ndani ya fizi, ni kusema tangu kuzaliwa mpaka miaka 8 hivi. Jino linatoka tayari na doa. Ukisha kuwa mkubwa hata unywe maji namna gani, doa mpya haiji. Na ile ya zamani hata upige mswaki mara kumi kwa siku haitoki. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1,5 kwa lita moja ya maji. Kupita hapo meno inaanza kuharibika. Kupita mbali zaidi, kwa miaka mingi, hata mifupa inaguswa: mgongo unakauka, magoti hayakunjiki.

Sasa fluori inatoka wapi huku kwetu? Inueni macho. Huyo baba yetu Nyiragongo, kila siku anavuta sigara. Ndani ya moshi wake muko gazi za namna nyingi, na moja ni ya fluori. Mvua ikipita katika moshi inaibeba, inashuka nayo ku mabati, inaingia ku tanki. Upepo wa huku unasukuma moshi zaidi upande wa magharibi, njo maana wandugu zetu wa Rusayo na wa kuelekea Sake wanaonja mvua hiyo kupita sisi wa katikati ya mji. Wanajua pia vile mabati yao inatoboka haraka. Nyamulagira ilipolipuka Januari 2010, wachunguzi walipima maji ya mvua ambayo watu walikuwa wanakunywa pembeni ya volkano, na waliona wazi vile moshi ilikuwa imeibadilisha.

Halafu kuna mawe. Goma imekaa juu ya lava. Visima hatuna, mto hatuna, maji inapotea ndani ya nyufa chini ya miguu yetu. Tumebaki na mvua na ziwa. Maji inayopita ndani ya mawe ya volkano inalamba fluori ya mawe, inatokea ku chemchemi ama inaingia ziwani. Ziwa Kivu lenyewe, lile Regideso inavuta na kutia klori, fluori yake iko karibu na ule mpaka wa 1,5. Hatusemi ziwa ni sumu, musiende kusema vijana wamesema ziwa ni sumu! Tunasema iko ku mpaka, na mtu mwenye kukaa ku mpaka hakosi siku moja kupita upande mwingine.

Watu wa Goma, gazi ya udongo tumeipa jina letu wenyewe: mazuku. Dunia yote ya wasomi wa volkano leo wanaandika "mazuku" vile sisi tunasemaka. Tuliipa jina juu inaua mbuzi na mtoto palepale, asubuhi moja, mbele ya macho. Fluori hatujaipa jina. Inafanya kazi polepole, haina harufu, haina ladha, haina rangi, na mtu aliyeumizwa nayo anapewa kosa yeye mwenyewe: hausugui meno.

Sasa tuongee kuhusu kusafisha, na hapa tunaomba musikilize muzuri juu ni hapa tunadanganyana kila siku.

Kuchemsha. Kila nyumba inajua kuchemsha, na ni muzuri, kwa kolera na kwa tifoidi. Lakini fluori haiendi na mvuke. Fanya hesabu. Bidoni ya lita 20, ikiwa maji iko ku mpaka, 1,5 kwa lita, ndani muko miligramu 30 za fluori. Chemsha mpaka zibaki lita 15. Miligramu ni zile zile 30, lakini sasa zinagawanyika kwa lita 15, ni kusema 2 kwa kila lita. Mama amechoma makala ya bei, amefanya kila kitu vile walimfundisha ku sentre ya afya, na maji ya mtoto wake imepanda juu ya mpaka. Tulipoandika hesabu hii ku ubao mara ya kwanza, kuna mama alituambia: "Sasa mnataka nifanye nini, nimupatie kolera?" Hapana, mama. Endelea kuchemsha, ila funika sufuria, na ikishaanza kutokota usiache ikauke.

Klori. Goma inajua klori kupita miji mingi ya dunia. Wazazi wetu waliona Julai 1994, wakimbizi walipojaa kutoka Rwanda na kolera ikaua makumi ya maelfu kwa wiki chache. Leo ku mwambao wa ziwa, kule Kituku na sehemu zingine, kuna wenye wanasimama na sindano ya klori, wanatia ndani ya bidoni yako kabla uende. Musikatae ile sindano hata siku moja. Ila klori inaua vidudu, na fluori si kidudu, huwezi kuua kitu ambacho hakina uhai.

Filtre ya mchanga, hapana. Filtre ya udongo wa kuchoma, ile walikuwa wanagawa ku kambi, ni nzuri kwa vidudu, kwa fluori hapana. Makala ya miti, ile ya Masisi tunapikia, watu wengi wanaamini inasafisha kila kitu. Fluori inapita ndani yake karibu yote. Ndimu, hapana. Kuacha maji usiku kucha ituame, hapana.

Kuna nini basi? Kuna mfupa.

Musicheke. Huko Kenya, upande wa Nakuru, nao wako ndani ya bonde la ufa kama sisi, na wao wako na visima virefu ambavyo maji yake iko na fluori nyingi kupita yetu. Jimbo Katoliki la Nakuru liko na kazi ya maji ambayo kwa miaka inatengeneza makala ya mifupa ya ng'ombe. Tanzania, karibu na Arusha, serikali iliweka kituo cha uchunguzi Ngurdoto kwa kazi hiyo hiyo, juu watu wa pande za Meru wanajulikana nchi nzima kwa meno ya kahawia. Wanachukua mifupa, wanaichoma ndani ya tanuru yenye hewa kidogo, moto karibu digri 400 mpaka 500. Inasagwa, inaoshwa, inawekwa ndani ya ndoo ama tanki, maji inapita humo polepole. Mfupa unapenda fluori, njo ile sababu fluori inakimbiliaka meno na mifupa yetu. Sasa inakamatwa ndani ya mfupa wa ng'ombe aliyekufa kabla ifike kwa mfupa wa mtoto mwenye kuishi.

Tulipenda sana kusikia hiyo, juu mfupa Goma haikosi. Ng'ombe wa Masisi wanashuka kila wiki ku abatware, nyama inaenda sokoni, mfupa mwingi unatupwa ama unabaki kwa imbwa. Kuna kijana alisimama siku tulipoongea ndani ya kikundi, akasema: kesho naanza, niko na pipa na makala. Tulimzuia, na tunawazuia na ninyi. Moto ukiwa mdogo, mfupa unabaki na mafuta, maji inanuka nyama mbovu na inabeba uchafu. Moto ukizidi, mfupa unakuwa mweupe na hauna tena nguvu ya kukamata kitu. Kuna wengine pia ambao dini yao itauliza mfupa umetoka kwa mnyama gani na amechinjwa namna gani, na wako na haki ya kuuliza na kujibiwa.

Kuna njia nyingine, ya alumu na chokaa, iliyotoka India na inaitwa Nalgonda, jina la mji wa huko. Unapima alumu, unapima chokaa, unakoroga, unaacha, fluori inashuka na matope. Ni bei ya chini. Lakini inaomba kipimo kila mara, na alumu ikizidi inabaki ndani ya maji. Si kazi ya kufanya kwa macho tu vile tunafanyaka na alumu ya maji ya matope. Na mashine kubwa za kusukuma maji kwa nguvu ndani ya ngozi nyembamba zinaondoa kila kitu, lakini ziko na njaa ya kurà na ya dola, tuziache kwa wenye hoteli.

Tukirudi ku mfupa, ubaya wake mkubwa ni huu: filtre ya mfupa inajaa. Ikijaa, maji inaendelea kutoka safi vilevile, ladha ileile, na fluori inapita yote. Hakuna mtu anaweza kujua kwa ulimi. Lazima mtu apime, mwezi kwa mwezi, na abadilishe ule mfupa. Na hapa munatujua, Goma. Munajua vile vitu vinakuja huku: gari tano nyeupe, utepe, mkasi, picha, kibao chenye nembo nne. Mwaka mmoja kisha, robine imekauka na kibao kingali kinaangaza. Robine iliyokauka angalau inasema ukweli. Filtre ya mfupa iliyojaa itadanganya mama kwa miaka, na yeye atakuwa anapanga foleni pale akiamini anamlinda mtoto. Tusikubali hata filtre moja ya namna hiyo ndani ya mji wetu kama haiji pamoja na mtu wa kupima, mwenye mshahara, na karatasi ya vipimo iliyobandikwa pale pale.

Kwa upande wa watu, hawakosi. Ndani ya chumba hiki kuna watu wamesoma kemia, wengine mazingira, wengine afya ya jamii. Miaka mitano ku univasite, leo wanauza krediti ya telefone. Mji uko na maji isiyopimwa na wapimaji wasio na kazi.

Tulienda ku ofisi moja kuuliza hii maneno, hatutaitaja. Tulingoja tangu saa mbili mpaka saa saba. Mkubwa alitupokea vizuri, hatutasema uongo, alitupatia hata viti. Akatuambia: "Batoto, watu wanatafuta maji ya kunywa, ninyi munaniletea maji ya kucheka?" Tulitoka tumekasirika. Lakini usiku tulibishana sisi kwa sisi, na wengine kati yetu walisema: ako na haki nusu. Ni kweli. Mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021 ulivunja tanki na mabomba, na kartie nzima zilibaki bila tone. Wakimbizi wa vita walijaa pembeni ya mji. Kolera haijawahi kutuacha. Mtu wa Mugunga anayebeba bidoni kutoka ziwani hataki kusikia hesabu ya miligramu, anataka robine. Na kudai robine njo kazi ya kwanza ya harakati za vijana wa mji huu tangu 2012, wakati LUCHA ilizaliwa hapa Goma na maji ilikuwa kati ya madai yake ya mwanzo. Hatuachi dai hilo.

Nusu nyingine hana haki. Juu mabomba yanapojengwa upya, njo wakati wa kuamua maji gani itapita ndani. Ukijenga kwanza na kupima kisha, umefunga maji ile ile kwa miaka 30. Tanzania ilijifunza. Mwaka wa 1974 iliandika mpaka wa miligramu 8 kwa lita, juu haikuwa na namna ya kufikia 1,5 vijijini. Baadaye ikashuka mpaka 4, halafu 1,5 kama Shirika la Afya Duniani linavyosema. Wale watoto waliokunywa 8 kwa ruhusa ya karatasi, meno yao haikushuka pamoja na karatasi. Lakini angalau kulikuwa namba, mtu angeweza kuishtaki. Sisi huku namba iko wapi? Wachunguzi wa Observatwari ya Volkano ya Goma, OVG, pamoja na wageni, wamepima mvua na maji ya huku kwa miaka. Kazi hiyo iko, tunawashukuru. Imeandikwa kwa Kiingereza, ndani ya majarida ya wasomi. Mama wa Katoyi hataisoma. Shefu wa avenyu hataisoma. Hata sisi wenye lisansi tulisoma na diksionere pembeni.

Kwa hiyo tunadai vitu ambavyo havingoji pesa ya Ulaya. Namba ya fluori ya kila mahali watu wanachota, iandikwe kwa rangi ku ukuta, kwa Kiswahili, pamoja na tarehe ya kupima. Wale wanaosimamia maji ya mji, wawe nani, juu huku wasimamizi wanabadilika na ziwa linabaki, wapime tena kila msimu na kila wakati Nyiragongo inabadilisha moshi. Mashule ya watoto wadogo na sentre za afya za kuzalisha zipate maji iliyopimwa kwanza, juu ni kwa mtoto chini ya miaka 8 ndipo kila lita inaandika kitu kisichofutika. Na walimu waache kuaibisha watoto. Hiyo moja haiombi hata franka.

Nyumbani, wakati tunangoja, kuna kidogo cha kufanya. Mvua ya kwanza kisha kiangazi, acha ioshe mabati na imwagike, usiiweke ku tanki. Siku moshi wa volkano umelala juu ya kartie yenu, funga tanki. Mtoto mdogo apate dawa ya meno kidogo, kama punje ya mchele, na ateme, asimeze. Ukiwa na maji mbili, moja iliyopimwa chini na moja juu, changanya kwa ile ya watoto. Lakini kuchanganya kunaomba kujua ni ipi iko chini, na tunarudi palepale: kupima.

Njo maana tuliomba kila mmoja alete chupa. Tumepata kifaa kidogo cha kupima kwa rangi, cha kuazima, tunakirudisha mwisho wa mwezi. Hakitupatii jibu la labo kubwa, kinatuonyesha tu wapi kumezidi na wapi hapana, kusudi tujue chupa gani za kupeleka mbele. Chupa iwe ya plastiki, imeoshwa na maji ile ile mara tatu. Bandikeni karatasi: kartie, avenyu, maji ni ya mvua ama ya robine ama ya ziwa, na siku ulichota. Jina lako si lazima. Wenye mulisahau chupa lakini muko na bidoni pale nyuma, mwambie umetoa wapi, tutachota humo. Meza iko pembeni ya mlango, wadada wawili wenye kandambili za bluu njo wanaandika. Wa Rusayo waje mbele, wako na safari ndefu na mvua bado.